Kopo la Tobi

Zamani harusi za Newala zilipita mikononi mwa Mahmudu. Alijua kupika pilau la watu mia bila punje moja kuungua, na akina mama waliomwonea wivu walikuwa wakimtuma mtoto aje kuchungulia anatia nini. Hayo yote watu waliyasahau mwaka alioajiriwa na Bwana Mpimaji, Mwingereza aliyekuwa akipima ardhi ya serikali, kwa sababu katika nyumba ile Mahmudu alimpikia mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Tobi. Alikuwa jibwa la manyoya mazito, ameletwa kwa meli kutoka nchi ya baridi, na kila kiangazi kilipowaka memsahibu, mke wa Bwana Mpimaji, alimwonea huruma hadi machozi. Wanawake wa Newala walikuwa wakishuka mlima mpaka bondeni kuchota maji, wanapanda tena na mitungi kichwani, nusu ya siku imekwisha. Tobi alikuwa akitengenezewa barafu.

Na isidhaniwe kuwa ni barafu ya hivi hivi. Memsahibu alikuwa na daftari. Maini yachemshwe bila chumvi, supu ipoe, mafuta yaenguliwe. Papai bivu lipondwe na ndizi moja, karanga zilizotwangwa kijiko kimoja, mtindi kidogo. Sukari hapana, inaharibu meno ya mbwa. Vitunguu hapana kabisa, ni sumu kwake. Mahmudu alichanganya, akamimina katika makopo ya sigara, yale ya duara ya sigara hamsini, akayapanga ndani ya friji la mafuta ya taa lililonunuliwa Nachingwea mashamba ya karanga ya Waingereza yalipokufa na vyombo vyao vikauzwa. Friji lile lilikuwa na utambi chini, na utambi ukitoa moshi barafu haigandi. Basi kila alfajiri mtu mzima, baba wa watoto, alipiga magoti sakafuni kurekebisha utambi ili mbwa apate kitu cha afya saa nane mchana.

Saa nane ikifika Tobi alikuja mwenyewe barazani, akaketi, akainua mkono wa kulia. Hapo ndipo Mahmudu alipompelekea kopo kwa koleo. Mbwa alilamba barafu, akamaliza, akalilamba na kopo. Kwa miaka sita ulimi wake haukumgusa Mahmudu hata ukucha, na makopo yale hayakuchanganyika na chombo chochote cha watu. Lakini nani wa kumsikiliza? Mtaani walimwita Mpishi wa Mbwa. Harusi zikapelekwa kwa wapishi wengine.

Jina lile angelivumilia, kama lisingemfuata binti yake. Mwanakombo alipoposwa na Mrisho, kijana wa watu wenye duka Masasi, mama yake Mrisho, Bi Fatu, aliuliza mbele ya mshenga, "Huko kwa Mpishi wa Mbwa tutakula nini?" Mrisho alishikilia, posa ikapita, ila maneno yalishapanda mlima na kumfikia Mahmudu. Tangu siku ile alitaka jambo moja tu duniani. Binti yake aende Masasi kichwa juu, na watu wa duka warudi wakisema kwamba kwa mzee Mahmudu walikunywa na kula kitu ambacho kwao hakipo.

Kitu hicho kilikuwa barafu. Sharbati ya malimau yenye hiliki, baridi ya kuumiza meno, katikati ya mwezi wa kumi! Alimwomba memsahibu ruhusa. Memsahibu alifurahi kuliko bibi harusi. Lakini sinia za barafu ya watu zilikuwa mbili, na hazikutosha hata bilauri kumi.

"Tumia kopo ya Tobi," memsahibu akasema. "Iko mingi."

Mahmudu alikwenda madukani kutafuta makopo mengine. Aliyoyakuta yalikuwa yamekula kutu au yananuka mafuta ya taa, na barafu ilihitaji siku mbili kuganda. Angeweza kuwapa wakwe maji ya mtungini kama watu wote wanavyofanya. Nani angemlaumu? Lakini alishaionja sifa kabla haijapikwa. Siku ya Ijumaa aliyachukua makopo kumi na mawili, akaenda nayo nyuma ya nyumba yake, akaanza kuyaosha kama alivyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani kuosha chombo kilicholambwa na mbwa: mara saba, ya kwanza kwa udongo. Kila kopo mara saba. Mtungi mkubwa uliisha, ndoo ikafuata.

Stamili, mkewe, aliyekuwa ameyabeba maji yale kwa kichwa chake, alisimama mlangoni. "Baba Mwanakombo, maji yote haya ya nini?"

"Usafi wa harusi," akajibu.

Jumapili nikaha ilipita salama. Wageni wa Masasi walijaa uwanjani, wanaume kwenye majamvi, wanawake nyuma ya kiwambo cha makuti ambako Bi Fatu aliketi karibu na bibi harusi. Mahmudu akalitoa sanduku lililojazwa maranda ya mbao, akafunua gunia, akapindua kopo la kwanza. Barafu ikatoka nzima, nyeupe. Watu walisimama ili waone. Mzee Safari, mjomba wa Mrisho, aliishika kwa vidole akaiachia kwa kelele, na uwanja mzima ukacheka naye. Sharbati ikamiminwa. Bilauri za kwanza zilikwenda kwa mzee Safari na kwa mwalimu aliyeozesha, nyingine zikapita nyuma ya kiwambo kwa Bi Fatu na Mwanakombo.

"Mkwe," mzee Safari akasema, "mimi nimefika Lindi, nimefika Mikindani. Hii sijaionja."

Mahmudu alitaka kulia. Miaka sita ya kuitwa jina lile ilimtoka mwilini kwa mara moja.

Saa nane gari la memsahibu likasimama kando ya mkorosho. Alikuja kutoa pongezi, kitambaa cha meza mkononi, na hakukaa sawasawa kabla Tobi hajaruka nje ya gari. Wanawake wakakusanya kanga zao, wanaume wakapandisha kanzu. Tobi hakumjali yeyote. Alipita katikati ya majamvi moja kwa moja mpaka kwenye sanduku, akaketi mbele ya makopo, akainua mkono wa kulia, akamtazama Mahmudu.

Mtu mmoja akacheka. "Mbwa huyu ana adabu, anaomba kinywaji!"

Memsahibu alipiga makofi kwa furaha. "Tobi najua kopo yake!" akasema, kwa sauti ya kutosha uwanja mzima. "Sasa saa nane, yeye nakuja kula barafu yake!"

Mzee Safari alikuwa na bilauri mdomoni. Akaishusha polepole. Hakumwita mkwe tena.

"Mahmudu. Makopo haya ya nani?"

Angeweza kusema kwamba memsahibu hajui Kiswahili, na hilo kila mtu alikuwa amelisikia kwa masikio yake. Wageni walikuwa tayari kuamini. Nyuso zao zilikuwa zikimwomba awadanganye. Lakini Mahmudu alikuwa ameyaosha makopo yale kwa moyo wake wote, na mjinga yule akadhani ukweli utamsaidia.

"Nimeyaosha, mzee. Kila kopo mara saba, ya kwanza kwa udongo. Wallahi nimeyaosha."

Nyuma ya kiwambo sauti ya Bi Fatu ikasikika, haikupanda wala kushuka. "Kopo la binadamu halioshwi mara saba."

Ikawa imekwisha. Bilauri moja ikamwagwa mchangani, kisha nyingine, kisha zote. Mwalimu aliyeozesha alikohoa, akasema kwamba kisheria chombo kikioshwa hivyo kimetahirika, hakina neno. Halafu naye akaiweka bilauri yake chini na hakuigusa tena. Stamili alimtazama mumewe tu. Sasa alijua maji yake yalikokwenda.

Bi Fatu akaamuru maji na udongo. Binti hapandi lori la watu wa Masasi na mdomo ule, alisema. Maji hayakuwepo, mitungi yote ilikuwa mikavu, ikabidi jirani yao Magdalena alete ndoo yake. Mwanakombo akatolewa nje, hina mikononi, amefunikwa kanga mpaka machoni, akasukutua mdomo kwa maji ya tope, akatema, akasukutua tena, mbele ya watu waliokuja kumshangilia. Mahmudu aligeuka akautazama mkorosho.

"Mila nzuri," memsahibu alimwambia, akitabasamu, na akamwita Tobi garini.

Kesho yake alimuuliza kama wageni waliipenda barafu. Mahmudu akajibu kwamba waliipenda sana. Kisha akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza na kuacha kazi. Barafu ya Tobi ikawa ya Selestini, mtu wa Lulindi, Mkristo, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Mahmudu akarudi kwenye muhogo. Akalima, akavuna, mikono yake ikanuka muhogo na udongo tu, na aliamini moyoni kwamba muda utafanya kazi yake.

Miezi minane ilipopita alishuka Masasi na kikapu cha muhogo mkavu na jogoo mmoja kwenda kumtazama mwanawe. Alimkuta Mwanakombo peke yake. Mrisho alikuwa dukani, na Bi Fatu alikwenda kuhani msiba, asingerudi mpaka jioni. Binti alimpigia magoti, tumbo limeshakuwa kubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akutunze."

Walizungumza vizuri. Binti alimuuliza habari za mama yake, za mikorosho, za mbuzi aliyekuwa akimfuga. Alicheka mahali pale pale alipokuwa akicheka tangu mdogo, na Mahmudu akaona kwamba alikuwa amejitesa bure miezi yote ile.

"Nipe maji, mwanangu. Njia imeniunguza."

Bilauri zilikuwa kabatini, zimepinduliwa, ameziona tangu anaingia. Mwanakombo alisimama mbele ya kabati kidogo. Halafu akatoka nyuma, akarudi na kopo la sigara, la duara, la sigara hamsini, limetiwa mpini wa waya.

"Hili lako, baba," akasema, akitazama chini. "Mama mkwe amekuwekea."

Mahmudu alilipokea kwa mikono miwili. "Lina mpini mzuri," akasema, akanywa mpaka likaisha.

Mwanakombo alilichukua kwa ncha ya kanga, akatoka nalo nyuma ya nyumba. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumtazama, wala wa kumwuliza amefanya nini. Mahmudu alisikia mchanga ukisugua bati, kisha maji yakimwagwa. Hakutaka kuhesabu. Alihesabu. Ilipofika ya sita kukawa kimya, na akamwomba Mungu, kwa nguvu zake zote, kwamba iishie pale.

Maji ya saba yakamwagwa. Mwanakombo akarudi ndani akifuta mikono, akamwuliza baba yake kama atakula.