Chambo cha Besi Mezani

Mke wa Fundi alisema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya mwanamke yule ndiyo ya kuogopwa: ndoana zisiingie ndani ya nyumba mpaka mtoto akue. Kibanda cha nyuma kipo, akatengenezee vyambo vyake huko. Fundi akaapa na kuapa tena. Lakini siku hiyo kibanda kilikuwa kinavuja, wingu limetanda vile besi, wale samaki wa bwawani, wanavyolipenda, na mkewe yuko kazini, chumba cha eksirei, hospitali ya ng'ambo ya barabara. Shetani naye ana kazi yake. Fundi akabana jiliwa lake dogo, kile chuma cha kushikilia ndoana, kwenye meza ya chakula.

Mtoto, waliyemwita Bosi kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu kwa kidole, alikuwa sakafuni akitafuna mwiko.

Fundi akaibana ndoana kwenye jiliwa, akaizungushia uzi, akafunga manyoya marefu meupe yawe mkia, nyuzi za fedha ubavuni, na manyoya mekundu kidogo kooni. Kichwani akatia jicho jeusi kwa rangi. Chambo cha namna hii ni kirefu, chembamba, kikivutwa majini kinajipinda kama kisamaki kilichoumia, na besi kwa uroho wake haulizi swali. Anaachama tu. Fundi akakichomoa, akakivutavuta ndani ya beseni la maji, akacheka peke yake. "Weee! Hiki hata mimi ningekimeza."

Mara uji ukafurika jikoni. Akatoka mbio, akaipua sufuria, akafuta jiko, akarudi. Beseni lipo, jiliwa lipo, chambo hakipo.

Bosi alikuwa amesimama, ameshika mguu wa meza, midomo imelowa, anatafuna.

"Unatafuna nini? Baba, unatafuna nini?"

Akamtia kidole kinywani. Aliambulia kung'atwa tu. Akatambaa chini ya viti, akakunja zulia, akamwaga beseni, akamvua mtoto nguo na kuzikung'uta moja moja. Hakuna kitu. Bosi, aliyedhani ni mchezo, alicheka mpaka akapaliwa, kisha akakohoa, tena kikohozi kikavu ambacho baba yake hakuwahi kukisikia.

"Mungu wangu," Fundi akasema. Alikuwa ametengeneza kitu cha kumfanya kiumbe aachame, akakiacha mbele ya mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Hospitali ilikuwa pale, ukisimama dirishani unaona geti. Lakini mtoto aliyemeza kitu hupelekwa eksirei, na eksirei yuko nani? Aliuona uso wa mkewe kabla hajafika. Iko zahanati kule nyuma ya soko, asikojulikana. Wakimkuta na kitu, atamwambia mkewe. Wasipomkuta, ya nini kumtia mama wa watu presha bure? Ndivyo alivyojishauri, mjinga yule. Akamfunika Bosi kwa taulo, akatokea mlango wa uani, akaipa hospitali kisogo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema watu. Ya Fundi ilikuwa ndefu, ina matope, na mvua ikamkuta katikati. Kila hatua alimwinamia mtoto kusikiliza pumzi. Walipofika sokoni Bosi akakohoa tena, akamtapikia begani, akalegeza shingo. Fundi akageuka. Alikimbia mpaka kifua kikamuuma, akilia waziwazi mbele za watu, wala hakuona haya.

Mkewe alikuwa mlangoni pa chumba chake akimwita mgonjwa. Alipowaona, karatasi ilimponyoka.

"Amemeza ndoana," Fundi akasema. "Yangu. Niliitengenezea mezani."

Hakupiga kelele. Mkewe alimpokea mtoto, akaangalia koo, akasikiliza kifua. "Vua sweta, uvae aproni ile ya kuzuia miale. Utamshika wewe nikimpiga picha."

Fundi akavua. Kwenye pindo, pale alipopatumia kushikia sufuria ya moto, kulikuwa kunaning'inia mkia mweupe wenye nyuzi za fedha.

Mkewe ndiye aliyeuona kwanza. Akaketi sakafuni palepale na mtoto mapajani, akacheka huku machozi yanamtoka. "Mafua! Mtoto ana mafua tu, na baba yake ana wazimu. Pumbavu mkubwa wewe, umetaka kuniua!" Lakini alisema kwa upole, na Fundi akapiga magoti, akamshika mkono, akajua amesamehewa.

Mkewe akaanza kumkausha Bosi nywele. Akasita.

"Mbona mmelowa hivi? Si kuvuka barabara tu?"

Angeweza kusema geti lilifungwa. Uongo ulimjia mdomoni, mzima, umepikwa tayari. Akaumeza.

"Nilianza kwenda zahanati ya sokoni."

"Sokoni? Kufanya nini?"

"Nilitaka usijue."

Taulo likasimama kichwani mwa mtoto. "Na kama angekuwa ameimeza kweli?"

Mkewe akainuka, akamwomba mwenzake amshikie zamu, akavaa koti. Nje mvua ilikuwa bado. Bosi alikuwa amelala, mzito, na Fundi akanyoosha mikono ampokee.

"Acha," akasema mkewe, kwa sauti ya chini. "Nitambeba mwenyewe."