Mpita Njia Aliyecheka

Picha ya *Baiskeli ya Mjomba* haikuwa nzuri. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani mapenzi yamenipofusha. Niliitazama mara kumi na nne, na kila mara makosa yalikuwa yaleyale. Mjomba anapanda baiskeli yenye kengele, anakata kona, kengele haipo. Anatoka nyumbani na tarabushi, anafika kazini na kofia nyeupe. Hospitali anakolazwa mpwa wake ilikuwa darasa la shule, na ukitazama nyuma ya kitanda utaona ubao mweusi wenye hesabu za kugawanya. Mie ni mwalimu, nilizihakiki. Mbili zilikuwa zimekosewa. Mji mzima una watu tisa: muuza maji wa asubuhi ndiye askari wa mchana, na jioni yumo arusini akipiga makofi.

Halafu kuna mpita njia anayecheka.

Mpita njia huyo alikuwa mume wangu, Kondo.

Picha ilipigwa Temeke, kiangazi cha mwaka 1953. Kondo alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa pembeni ya uwanja mkubwa, hatua chache kutoka nyumbani kwetu. Wazungu wa sinema walikuja na mashine yao na baiskeli moja kuukuu ambayo mnyororo wake ulikuwa unachomoka kila baada ya hatua ishirini. Walimchukua Kondo awe anaurudisha. Siku ya tatu walipungukiwa na watu. Wakamtwika tenga la nazi begani, wakamwambia avuke barabara Mjomba anapopita, ila asitazame mashine kabisa.

Siku hiyo shule ilikuwa imefungwa, nikampelekea chakula. Nilikuta watu wamenyamaza na mashine inazunguka, nikasimama nyuma yake kimya, bakuli la wali mkononi. Kondo akaja na tenga lake, uso umekaza kama mtu anayekwenda barazani kwa mkubwa. Katikati ya barabara aliinua macho, akaniona, kisha akanitazama miguuni. Nilikuwa nimetoka mbio nyumbani na kubazi moja langu na moja lake. Langu dogo, jekundu. Lake kama mtumbwi.

Akacheka. Alicheka meno yote nje, tenga likamtikisika begani, nazi moja ikaanguka. Mzungu alipiga kelele, lakini mkanda ulikuwa unakaribia kwisha na jua linazama. Wakaacha hivyo hivyo.

Picha ilipotoka, gazeti moja liliiandika. Jabiri, mdogo wake Kondo, karani wa bandarini anayependa kusoma kwa sauti, alikuja nalo jioni tukiwa tumekaa barazani.

“Sikiliza, kaka. ‘Picha hii haina kichwa wala miguu. Wachezaji wanasimama kama nguzo, na hata mpita njia anaicheka.’”

Kondo akamwambia asome tena hapo mwisho. Jabiri akasoma.

“Kumbe gazetini nimo,” Kondo akasema.

“Umo kama kosa.”

“Wangapi Temeke hawamo hata kama kosa?”

Basi tukawa tunaifuata. Gari la sinema lilikuwa linazunguka kata kwa kata, linasimamisha shuka jeupe kwenye miti miwili, watu wanakaa chini bure. Tuliifuata Ilala, Kinondoni, mara moja mpaka Mbagala, mie nimekaa nyuma ya baiskeli nimeshika fulana yake. Kinondoni walizomea tangu mwanzo hadi mwisho. Kondo naye alizomea, halafu alipojiona akanyamaza kidogo, kisha akaendelea.

Picha haikuwa na maneno yake. Maneno yalitoka kwa Projestus, kijana wa Bukoba aliyekuwa anakaa ndani ya gari na kipaza sauti. Kiswahili chake kilikuwa cha bara na hakukificha. Kila ilipofika pale barabarani alikuwa anauliza, “Jamani, huyu bwana anacheka nini?” Watu wakajibu kila mmoja la kwake: kasikia harufu ya pilau, kamwona mkwewe kaanguka, kakumbuka kuwa tenga si lake. Mie na Kondo tulikuwa hatujibu. Tulikuwa tunabanana viwiko tu. Katika watu wote wa Dar es Salaam, sie wawili ndio tuliojua.

Kondo alifariki mwezi wa tatu mwaka 1957. Homa ya mapafu, siku sita. Alikuwa hajawahi kupigwa picha ya karatasi hata moja. Kila Idi tulikuwa tunasema Idi ijayo twende kwa mpigapicha, na kila Idi tukala tukalala.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kutoka. Shangazi yake Kondo, Bi Somoe, alihamia kwangu kunisimamia. Alikuwa mkali kwa mambo ya eda kuliko mtu yeyote niliyemjua, na sikio lake moja lilikuwa zito, kwa hiyo ukali wake ulisikika nyumba tatu. Hata kioo alikigeuza ukutani.

Lililonitesa sikumwambia. Wiki ya tano nilianza kuusahau uso wa Kondo. Mikono niliikumbuka, na sauti, na harufu ya grisi ambayo sabuni haikuiweza. Uso ulikuwa unakuja na kuyeyuka. Nikawa najipa moyo kwamba miezi minne ikiisha nitaitafuta *Baiskeli ya Mjomba* popote ilipo, nikamtazame.

Wiki hiyohiyo Projestus alikuja kutoa mkono wa tanzia. Yeye mwanamume wa nje, hakuweza kuniona. Alikaa barazani na Shangazi, mie nikawa nyuma ya pazia la mlango.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye mwenye mdomo wa garini?”

“Ndiye, mama. Nilichelewa, nilikuwa safari ya Kilwa. Kondo alikuwa mtu wangu. Gari likiharibika alikuwa anakuja hata kama si baiskeli.”

Walizungumza kidogo kuhusu ugonjwa. Kisha Projestus akakohoa.

“Mama, kuna jambo. Ile picha aliyokuwemo imechakaa, inakatikakatika, na wakubwa wanasema haina mafunzo. Jumamosi ya wiki ijayo tunaionyesha hapa uwanjani, halafu inarudishwa ofisini ikateketezwe. Nimefikiri mjane angependa. Naweza kumweka mbele garini, tukafunga vioo, akajifunika. Hakuna atakayemwona.”

Nilishika pazia.

“Unataka nimtoe mjane ndani ya eda,” Shangazi akasema, “nimpakie garini kama gunia la mkaa?”

“Sikujua, mama.”

“Kwenu Bukoba wajane wanapelekwa sinema?”

“Hapana, mama.”

“Basi na hapa hawapelekwi.”

Projestus aliomba radhi mara mbili. Nikasikia kiti kinasogea. Sijui kama nililia kwa sauti. Nilidhani nimejizuia, lakini pazia lilikuwa karibu na sikio zima la Shangazi.

“Ngoja,” akasema. “Hilo shuka lenu mnalisimamisha wapi?”

“Kule upande wa soko.”

“Mtu akikaa nyuma yake anaona nini?”

“Siku hizi haoni kitu. Tumepewa jipya, zito, limepakwa rangi. La zamani lilikuwa jepesi, watoto walikuwa wanatazamia nyuma. Kila kitu kinageuka, kulia kinakuwa kushoto, lakini kinaonekana.”

“La zamani liko wapi?”

“Lilichanika, mama. Tunalifutia mashine.”

Ua wetu ulikuwa umepakana na uwanja. Kati yake na kibanda cha Kondo kulikuwa na makuti tu.

“Mjane hatoki,” Shangazi akasema. “Lakini sijasikia kwa sheikh yeyote kwamba haruhusiwi kukaa uani kwake. Kama picha itamfuata nyumbani, hayo ni ya picha.”

Siku ya pili alifungua kasha lake akatoa bafta nyeupe, nyepesi, aliyoinunua anishonee nguo ya pili ya eda. Akaikata vipande vitatu virefu na kuanza kuviunganisha kwa mkono, mshono mdogo mdogo, miwani puani. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Alisema mishono yangu ni ya mwalimu. Kwa siku tatu alishona akilaumu uzi, akimlaumu Projestus, akiilaumu picha ambayo hajawahi kuiona, na alipomaliza aliitandaza uani, akaikanyaga huku na huku akitafuta palipolegea.

Jumamosi alasiri alimwita Jabiri, akampa jembe.

“Chimba mashimo mawili nje ya ua. Marefu.”

“Shangazi, kazi yote hii kwa ajili ya ile picha? Ile hata gazeti...”

“Gazeti limekuomba uchimbe?”

“Hapana.”

“Mie nimekuomba.”

Jabiri akachimba. Alichimba mpaka mapajani, akasimamisha miti, akapanda kufunga bafta juu ya usawa wa makuti na shati lake la karani limelowa. Hakusema neno tena kuhusu gazeti, siku hiyo wala baadaye. Namshukuru kwa mashimo yale, maana upepo ulivuma na miti haikutikisika.

Baada ya swala ya isha nilikaa uani juu ya mkeka, Shangazi pembeni yangu. Projestus alikuwa amelielekeza gari kwetu, si upande wa soko. Ng'ambo ya makuti nilisikia Temeke nzima inakaa chini, akina mama wanaita wenzao, mtu anauza karanga. Kwanza walionyesha picha ya mbu. Mbu aligeuka kushoto na kulia bila tofauti yoyote. Halafu yakaja maandishi ya *Baiskeli ya Mjomba*, kinyume, kama maandishi ya nchi nisiyoijua.

Kila kitu kilikuwa upande mwingine. Mjomba alipiga kengele kwa mkono usio wake. Soko lililokuwa mashariki likahamia magharibi. Nililijua kila kosa na lilikuja mahali pasipo pake, na nikaona nayapenda hata hayo. Kofia ilibadilika. Nikacheka chinichini. Shangazi akanigusa goti.

Kisha ikaja barabara.

Projestus, ambaye hakuwahi kunyamaza mahali pale, alinyamaza. Uwanja nao ukanyamaza. Ilibaki sauti ya mashine tu. Kondo aliingia kutoka upande asiotokea siku zote, tenga kwenye bega la kushoto, uso umekaza. Alivuka mshono wa kwanza wa bafta. Akainua macho. Nilikuwa nimeogopa kwamba kwa kuwa nimekaa nyuma atawatazama wao, mie nitaona kisogo. Siyo hivyo. Alinitazama mimi, sawasawa kama siku ile, kisha akatazama chini, akacheka. Pengo dogo la jino la juu. Nilikuwa nimelisahau hilo pengo.

“Sasa huyu anacheka nini?” Shangazi akauliza.

Aliuliza kwa sauti yake ya kawaida, ile ya nyumba tatu. Hakujua kuwa ni swali la Projestus. Hajawahi kukaa uwanjani hata siku moja.

Nikamwinamia kwenye sikio zima. “Ananicheka mie, Shangazi. Nilisimama nyuma ya mashine. Nilikuwa nimevaa kubazi moja langu, moja lake.”

“Kubazi la mumeo?” Shangazi akasema. “Guu moja lako, moja la mumeo, umetoka nalo mpaka barabarani?”

Ng'ambo ya bafta mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikaenea mpaka upande wa soko. Si cha kuzomea. Nilisikia mwanamke akisema, “Ewaa, kumbe ni hilo, miaka yote minne.”

Picha ikasimama. Shuka likawa jeupe tupu.

“Samahani, ndugu zangu,” sauti ya Projestus ikasema. “Mkanda umekatika. Itabidi turudie kidogo nyuma.”

Nimeshasikia mkanda ukikatika mara nyingi. Hutoa mlio wa kupigapiga, kama kipande cha bati kwenye upepo. Jioni ile sikusikia mlio wowote.

Kondo akavuka barabara tena. Safari hii Projestus aliuliza kama zamani, “Jamani, huyu bwana anacheka nini?” na Temeke yote ikajibu kwa pamoja. Mkanda ukakatika tena. Ulikatika mara tatu mahali palepale. Mara mbili za mwanzo nililia; mara ya tatu sikulia tena, nilikuwa nahesabu: mikunjo ya jicho, pengo, kovu dogo la kidevuni alilolipata kwa spoki, namna bega linavyopanda kabla kicheko hakijatoka. Nazi ikaanguka. Nikaona inavyobiringika mpaka mwisho.

Jumatatu makopo ya picha yalirudishwa ofisini, na sijaiona tena wala kusikia aliyeiona. Waliosema haifai walikuwa na haki ya kusema. Kama wale Wazungu wangekuwa hodari, wangerudia pale barabarani, Kondo angevuka uso umekaza, na leo nisingekuwa na kitu. Nawashukuru kwa mkanda wao mfupi. Namshukuru Projestus kwa uongo wake, mara tatu.

Asubuhi baada ya picha Shangazi aliteremsha bafta, akaifua, akaianika, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaifumua na kuanza kunishonea ile nguo. Niliichukua alipoimaliza, nikaikagua kwenye mwanga wa mlangoni, mbele na nyuma.

“Unatafuta nini?” akaniuliza.

“Hakuna, Shangazi. Natazama mshono.”

“Mshono mzuri huo. Vaa.”

Nikaivaa siku zote zilizobaki.