Mshale Uliolala Miaka Tisa

Kwa miaka tisa mshale wa geji ya mizunguko ya mashine kwenye boti ya Nahodha ulilala kwenye sifuri, na mwenyewe hakuhangaika kuuamsha. Akiulizwa alijibu, "Mashine ikisema, nasikia. Geji ya nini?" Ndiyo maana binti yake, fundi wa redio na nyaya za pikipiki, alishangaa baba alipomtumia ujumbe: njoo na vifaa vyako, hii geji inatia aibu.

Alimkuta gatini asubuhi, abiria wa kwanza wameshavushwa.

"Shikamoo baba."

Nahodha alikuwa amempa mgongo, anafuta viti. Hakuitikia. Binti akasogea mpaka kivuli chake kikaangukia mikono ya mzee, ndipo akageuka akitabasamu. "Mwanangu! Unanyata kama paka."

"Washa mashine nione."

Alisema hivyo kwa mazoea tu, huku akifungua begi. Mashine ilikuwa inawaka tayari, inanguruma taratibu. Nahodha akazungusha ufunguo, na stata, mota ya kuamshia mashine, ikasaga kwa mlio mkali kama bati linaloburutwa sakafuni. Watu wawili gatini wakageuka. Yeye hakushtuka, mpaka alipouona uso wa binti yake. Akauachia ufunguo polepole.

Binti akazima mashine, akapiga magoti, akafungua skrubu nne za dashibodi. Afadhali mikono iwe na kazi.

Nyuma ya geji kulikuwa na nyaya tatu. Wa kwanza ulileta umeme kutoka kwenye swichi. Akaupima kwa mita, volti kumi na mbili, mzima. Wa pili, mweusi, ulirudi kwenye betri, na ncha yake ilikuwa imeota kutu ya kijani. Akaikwangua kwa msasa, akaibana upya, akafungua swichi. Taa ya geji ikawaka. Mshale ukaruka kidogo, ukalala tena.

"Umekufa huo," Nahodha alisema.

"Haujafa, umezimia."

Ulibaki wa tatu, wa kijivu, ule unaoleta habari za mashine yenyewe. Akawasha, akaupima kwenye dashibodi: hamna kitu. Akaupima kule nyuma unakotokea kwenye mashine: habari tele. Basi njiani kulikuwa na mwizi. Akazima, akaufuata kwa vidole chini ya benchi, ubavuni mwa boti, mpaka vidole vikagusa hewa. Waya ulikuwa umekatwa, shubiri nzima haipo.

Nahodha akajikuna kidevu. "Nilipungukiwa waya wa honi," akasema. "Mwaka ule."

"Kumbe mwizi ni wewe, baba."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikampa binti ujasiri. Akamtazama usoni, akasema polepole, "Masikio yalianza lini?"

Mzee akaligusa sikio. "La kushoto, mwaka jana. La kulia linalifuata. Mwezi huu mashine imechemka mara mbili. Naikamua kupita kiasi na sijui. Watu wakijua watanishusha usukani. Nimevusha watu miaka thelathini, leo nikalinde kuku nyumbani?"

"Ndiyo maana ukataka geji."

"Macho bado ninayo."

Binti hakubisha. Akaunga kipande kipya, akakibana kwa koleo, akakifunika vizuri maji yasiingie. Mashine ilipowaka, mshale ukapanda mpaka elfu moja na mia sita, ukatulia.

"Umeamka!" mzee akasema.

Lakini binti aliinamisha kichwa kusikiliza. Baba huyu huyu ndiye aliyemfundisha, tangu akiwa mdogo, kuijua mashine kwa sauti, na sauti hii ilikuwa ya mizunguko mia nane tu kwa dakika. Geji ilikuwa inazidisha mara mbili. Akazima, akachungulia tena nyuma yake. Kulikuwa na kitufe kidogo cha kuchagulia aina ya mashine, kimeelekezwa kwenye namba sita, na mashine hii, inayotuma ishara maradufu, ilitaka kumi na mbili. Akakizungusha kwa bisibisi, akawasha. Mia nane.

Wakatoka mpaka katikati ya maji. "Ukiwa na watu, usivuke elfu tatu na nusu," binti alimwonyesha kwa kidole. Nahodha akaongeza moto kidogo kidogo, jicho kwenye mshale, jicho mbele, na boti ikakata maji bila kuhema. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Alhamisi tunakwenda hospitali," binti alisema akiwa amemkabili. "Mshale hautakusikilizia abiria akipiga kelele."

"Alhamisi," mzee akakubali.

Gatini abiria walikuwa wanasubiri. Nahodha akasimama mbele yao, akavua kofia. "Jamani, masikio yangu yamechoka. Mwenye neno anishike bega, aniambie nikimwona."

Wakatazamana. Kisha mama muuza mboga, aliyevuka naye miaka nenda rudi, akamshika bega. "Sisi tunajua siku nyingi," akamwambia usoni. "Tulikuwa tunakungoja wewe ujue. Haya, nipokee kikapu."

Nahodha akakipokea, akampa mkono apande. Binti naye akatafuta nafasi kando ya usukani, upande wa kushoto, na hapo ndipo alipokaa safari zote mpaka Alhamisi.