Siku ya Sita

Baba aliondoka nyumbani Alhamisi asubuhi, mche wa sabuni mfukoni, akaniambia nimshonee kifungo cha koti lake la kanisani. Saa nne mwenzake wa kazini akanipigia simu. Baba alikuwa ameanguka katikati ya meza mbili za saruji, ndoo ikiwa bado mkononi. Moyo, walisema. Koti lilikuwa mapajani mwangu na uzi ulikuwa bado kwenye sindano.

Naandika haya nisije nikaanza kuyapunguza.

Baba aliosha maiti katika mochwari ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Kanisa letu ni dogo na linashika sheria ya Musa neno kwa neno: aliyegusa maiti ni najisi siku saba. Siku ya tatu ananyunyiziwa maji, siku ya saba ananyunyiziwa tena, ndipo anaingia ibadani. Akigusa maiti mwingine katikati, hesabu inaanza upya. Baba alifanya kazi siku sita kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo alikaa nje, kwenye benchi chini ya dirisha, akiimba pamoja na waliokuwa ndani. Watoto walimwita Siku Saba, na wakubwa waliwakemea huku wakicheka. Mimi niliingia, maana sikuwa nimegusa kitu. Kila baada ya miezi mitatu Meza ya Bwana iliandaliwa, sahani ya mkate ikapita safu kwa safu, isifike dirishani. Nilikula mkate ule nikiona kisogo chake. Kuula mara moja tu, ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitamani.

Siku moja alimwuliza mchungaji, mbele ya wazee wa kanisa. "Mchungaji, Bwana alimshika mkono binti aliyekufa. Naye alikaa nje siku saba?"

"Yule binti alifufuka," mchungaji akasema. "Wa kwako wanafufuka?"

Mzee mmoja alicheka mpaka akafuta machozi. Baba naye alicheka kidogo, kwa adabu.

Mwaka huu alipata likizo ya siku kumi, na ikaangukia wiki ya Meza. Aligusa maiti wa mwisho Jumamosi. Jumapili akachora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jikoni: siku ya kwanza. Jumanne akanyunyiziwa maji, akarudi nyumbani shati limelowa, hataki kulibadilisha. Tangu mama afariki tulikuwa wawili tu, na sikuwahi kumwona akipiga mluzi. Wiki ile alipiga mluzi akimenya vitunguu. Ukutani ilifika mistari mitano.

Ijumaa asubuhi mchungaji alikuja mwenyewe. Hakuwahi kufika kwetu.

"Kaka," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo pia. "Mama yangu amefariki alfajiri. Hakuna wa kumwosha."

"Akina mama wa kanisa?"

"Kesho kutwa ni Meza, kaka. Kila mtu anajitunza."

"Na mimi je?"

Mchungaji aliangalia viatu vyake. "Wewe umezoea."

Nilimshika baba mkono. Nilimwambia ni siku ya sita, wamtafute mwingine. Akautoa mkono wangu taratibu. "Yule mama alikuwa akinisalimia kwa mkono, mwanangu. Peke yake kati yao wote. Nimwache aharibike kwa ajili yangu?"

Tulikwenda wote. Akina mama walikuwa uani, mikono nyuma, kama watu waliokatazwa kugusa rangi mbichi. Mchungaji aliingia chumbani, akatuonyesha shuka na sanda, akakaa kwenye kiti pembeni mpaka tulipomaliza. Mimi nilishika shuka, baba akaosha chini yake bila kufunua. Alikuwa na mikono mizito, lakini maji yalimwagika kama anamwosha mtu aliyelala.

"Kila mtu anaogopa uchafu utamrukia," aliniambia kwa sauti ya chini. "Bwana alipogusa mtu, usafi ndio uliruka."

Jumapili alivaa koti. Kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia. Nadhani alidhani kwamba safari hii, kwa ajili ya yule mama, watamfungulia. Mchungaji alisimama mlangoni akisalimia watu. Alipotuona alinyoosha kiganja, si kutusalimia.

"Hesabu imeanza upya, kaka. Na binti naye."

"Wewe ulikuwa mle chumbani," nikasema. "Sheria inamtaja hata aliyeingia tu."

Watu waligeuka. Mchungaji hakupandisha sauti. "Mimi niliingia kama mtoto wa marehemu. Ninyi mliingia kama kazi." Nyuma yake mtu akasema, "Siku Saba kazaa Siku Saba," wakacheka.

"Twende tukakae, mwanangu," baba akasema.

Nilikaa kwenye lile benchi kwa mara ya kwanza. Ndani, mchungaji alibariki mkate kwa mikono yake na kuumega. Baba aliimba kila ubeti. Sahani ilipopita karibu na dirisha aliacha kuimba, akasubiri ipite, akaendelea.

Siku nne baadaye ndiyo ile Alhamisi.

Jeneza lake halikuingizwa kanisani. Mchungaji alisoma sala barabarani, hatua ishirini kutoka kaburini, kwa sababu kesho yake alikuwa na ibada. Kumwosha, tulimwosha wawili, mwenzake wa kazini na mimi. Mwenzake aliosha mwili. Mimi niliomba nioshe mikono. Kucha za kulia zilikuwa bado na mkaa wa ukutani.

Hospitali imenipa nafasi yake. Mwenzake aliniuliza nataka kupumzika siku gani, nikamwambia yoyote. Jumapili niko zamu.