Gundi Isiyoiva

Miaka kumi na tisa nimepikia bweni la shule uji, na hakuna mtoto aliyewahi kuniambia uji wako mbichi. Kwa hiyo waliponichukua kwa majaribio kiwandani, nipike gundi ya makatoni kwa wanga wa muhogo, nilijiona nimefika. Siku ya kwanza nikaivisha pipa zima. Likaganda, pampu ikaziba, mashine ikalala nusu siku. Msimamizi, mzee asiyejua kupaza sauti, akanipa siku moja tu ya kujikomboa.

"Pika robo ya wanga tu," aliniambia asubuhi ya siku hiyo. "Uliobaki mwagia hivyo hivyo mbichi, ukoroge."

"Mbichi, mzee? Kwa nini?"

"Mwanangu, we pika."

Nikapika huku roho inaniuma. Kuuliza si ujinga, lakini kwa yule mzee swali halikupita.

Mchana wenzangu walipokwenda kula, nikapaka gundi kidogo kati ya vipande viwili vya karatasi, nikavibana kwenye ubavu wa birika lililotoka kuchemka. Nikahesabu hadi kumi, nikavuta. Karatasi ikachanika, gundi haikuachia. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kumbe wanga uliopikwa kazi yake ni kuubeba ule mbichi usizame chini ya pipa. Mbichi wenyewe unaivia humo humo ndani ya karatasi, ukipita kwenye roli za moto, ile mitungi ya chuma ya mashine. Jiko la pili liko mbele!

Alasiri makatoni yakaanza kuachama. Fundi wa mashine akaja mbio.

"Gundi ya Mama Uji hiyo! Si nilisema?"

Kazi ile nilikuwa nimeshaipenda. Nikabandua katoni moja, nikasugua ndani kwa kidole. Ukatoka unga mweupe, mkavu.

"Haujaiva," nikasema. "Gundi ni ile ile iliyoshika mchana. Jiko lako wewe ndilo limepoa."

Fundi akaangua kicheko. Mzee hakucheka, alikwenda kupima roli mwenyewe. Zilikuwa vuguvugu, mvuke wa kuzipasha moto umefungwa nusu.

Aliporudi alinivuta pembeni, sauti chini zaidi ya kawaida yake.

"Mama, mimi nina miaka ishirini na mbili hapa. Niliambiwa robo, nikapika robo. Kesho uje mapema kabla ya hawa, unieleze kwa nini."