Mkono Ulionyanyua Marobota

Mpira wa oili wa trekta la kunyanyulia marobota ya nyasi ulikuwa umechoka. Wendell, mwenye shamba, aliuzungushia utepe akasema utafika mavuno yajayo. Orest Hnatiuk, dereva wa trekta hilo, aliupapasa kwa kiganja kutafuta unapovuja, kama wanaume wote wa mashamba ya Saskatchewan walivyofanya, na uzi mwembamba wa oili, ukisukumwa na shinikizo la mashine, ukamwingia kidole cha shahada. Tundu lilikuwa dogo kama la mbu.

“Mbu tu huyo, unalia?” Wendell alicheka. “Bandika plasta, marobota yanakungoja.”

Lakini Daria, mke wa Orest, alikiona kidole kikivimba na kupauka, akamsukuma garini.

“Panda, mzee. Utabishana njiani.”

Hospitalini, Daktari Poitras hakudanganywa na udogo wa tundu.

“Oili imeshafika kiganjani. Tukingoja asubuhi, mkono tutaukata.”

Alimpasua kutoka kidoleni hadi karibu na kifundo cha mkono, akaisafisha nyama kwa subira, akaliacha jeraha wazi.

Keshoye, Orest akinywa uji, mkono ulinyanyuka wenyewe hadi juu ya kichwa, ukakaa kidogo, ukashuka taratibu. Ukanyanyuka tena.

“Nani anaendesha trekta lako?” daktari aliuliza.

“Curtis, mwenzangu.”

“Mwambieni apumzike, jeraha lipone.”

Daria alipiga simu. Wendell akakataa, mvua ilikuwa njiani. Basi nesi akaufunga mkono kwenye ukingo wa kitanda, na kitanda kikawa kinanyanyuka upande mmoja.

“Angalau najua kazi inakwenda,” Orest alisema.

Alirudi nyumbani na vidole vyote, kimoja tu hakikunjiki. Daria alimpelekea daktari bakuli la pirogi, sambusa za kuchemsha zenye viazi, akamshika mikono yote miwili. Wendell hakuijali Jumapili, hivyo kanisani mkono wa Orest ulipaa katikati ya sala, na jirani akasogea kumpa nafasi. Daria aliutazama kila mara ukipaa, akamshukuru Mungu kwamba upo.

Jioni moja ya Oktoba, tone la oili lilidondoka kutoka kwenye kovu, juu ya kitambaa cha meza. Daria aliweka kisosi chini ya mkono, akampigia Wendell.

“Bosi, mpira unavuja tena.”

“Najua. Asante, mama. Nimeshamtuma Curtis akaupapase.”

Daria alitoa pirogi nyingine za daktari kwenye friza, akachukua funguo za gari akamchukue Curtis.