Ulimi Umezoea

Nesi wa kliniki ya presha tulimwita Dakika Tano. Hakupimi mpaka ukae dakika tano kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza na mdomo umefungwa. Ukimsalimia katikati, anaanza kuhesabu upya. Wazee walimnung'unikia, lakini walipanga foleni kwake, wakamwacha mwenzake wa chumba cha pili akipiga miayo.

Asubuhi hiyo alimpima mdogo wangu mkono wa kulia, akaandika. Akampima wa kushoto. Akangoja, akarudia wa kulia. Mia na sabini na nne kwa mia na nne.

"Mama, mwezi wa tatu ulishuka vizuri. Sasa umepanda kuliko siku ya kwanza. Kumetokea nini?"

"Hata mimi najiuliza, sista."

Mimi nilikuwa kwenye benchi nyuma yake, kofia magotini. Nilijua kilichotokea.

Nesi akamwaga vidonge vilivyobaki kwenye kisahani, akavihesabu. Vilikuwa sawasawa na siku zilizobaki. Akauliza usingizi, kichwa, macho, miguu kuvimba. Akauliza kama anameza dawa za maumivu ya mgongo, maana mafundi cherehani wengi wanazimeza, na nyingine hupandisha presha. Hapana. Kisha akauliza chumvi.

Mdogo wangu akatoa daftari mkobani. Tangu aambiwe aandike anachokula, aliandika kila siku, kwa mwandiko ule ule anaoandikia vipimo vya nguo za watu. Maharage, bila chumvi. Mboga, bila chumvi. Yai moja, bila chumvi.

"Uliniambia ulimi utazoea," akasema. "Nilikuwa siamini. Mwezi wa kwanza nilikula kama ninameza pamba. Sasa umezoea, sista. Chakula kimerudi kuwa kitamu."

Alisema kwa fahari, kama mtu aliyejifunza kuogelea uzeeni.

Nesi akalifunga daftari taratibu. "Mama, mimi si polisi. Hapa kila mtu ananiambia hali chumvi. Kama mkono unateleza mara moja moja, niambie tu, nisikupe dawa usiyoihitaji."

"Hautelezi. Muulize kaka. Tunakula sufuria moja."

Wote wawili wakanigeukia.

"Hapiki na chumvi," nikasema. Na ni kweli. Yeye hapiki nayo.

Nesi akachukua kadi, akavuka kwa daktari, akarudi na maagizo mapya: vidonge viwili badala ya kimoja. Akamweleza polepole na kumfanya arudie kwa mdomo wake mwenyewe. Asiinuke haraka, akae ukingoni kwanza. Akiona kizunguzungu au giza machoni, arudi siku hiyo hiyo, asingoje tarehe.

"Dawa hii inashusha kile nilichokiona leo," alimwambia. "Kikiwa kimeshashuka chenyewe, itakushusha wewe."

Sasa nieleze habari ya kikopo. Maisha yangu yote nimezunguka. Shule niliisoma vipande vipande, darasa la pili huku, la nne kule, na kazi vivyo hivyo. Iliyonikaa ni upishi wa kambi za wajenzi wa barabara, miaka kumi na mmoja. Miguu ilipogoma nikabisha kwa mdogo wangu na begi moja. Hakuuliza nakaa mpaka lini. Alinipa chumba cha nyuma alichowekea vitambaa, vitambaa akavisukumia chini ya kitanda chake. Alisema jambo moja tu: "Kaka, humu hatuli chumvi. Presha."

Siku ya tatu nikashindwa. Ningeweza kujitilia kwenye sahani yangu, lakini niliona aibu, mtu umepewa kitanda halafu unachagua chakula. Akishapika, huniachia niangalie moto, naye anarudi kwenye cherehani chumba cha mbele. Nilikuwa na kikopo cha chumvi mfukoni mwa koti tangu kambini. Nikatia chembe kwenye sufuria. Kambini nilijifunza kwamba ukitaka watu wasijue umebadilisha kitu, kibadilishe kidogo kidogo. Wiki ya tatu nilikuwa natia kijiko kizima.

Jioni moja aliacha kutafuna, akaonja tena, akatabasamu. "Kaka, nesi hakunidanganya. Ulimi unazoea kweli."

Ningesema siku ile. Badala yake nilimwambia, "Unaona?"

Tulitoka kliniki. Nyumbani akavua viatu, akakaa kitandani.

"Yule binti ameniona mwongo."

"Hajakuona mwongo."

"Ameniona. Labda ni mwili wangu tu, kaka. Mama naye alianza hivi hivi."

Mama yetu alianguka jikoni akiwa na miaka hamsini na nane. Mdogo wangu ana hamsini na saba.

Niliingia chooni, nikamwaga kikopo chote, nikamwagia maji ndoo nzima. Nikajiona nimetubu. Kumbe nimeongeza kosa juu ya kosa. Sufuria ikawa haina hata chembe, na yeye anameza viwili, kwa presha ambayo nilikuwa nimeimwaga chooni bila kumwambia mtu.

Siku ya kwanza alilaumu maharage, eti ya zamani. Siku ya nne asubuhi aliinuka kumpa mteja gauni lake, nikasikia kiti kikianguka. Nilimkuta ameishika meza kwa mikono miwili, jasho limemtoka, mteja amemkumbatia kiunoni.

"Imeshapita," akasema. "Nimeinuka haraka. Kosa langu, nesi aliniambia."

Kosa langu. Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Nilimwomba mteja akae naye, nikaenda kliniki, miguu ikipiga kelele.

Dakika Tano aliniona mlangoni ninahema. "Kaa, mzee. Ukiwa hivyo nitapima nini? Dakika tano. Usiseme kitu."

Nikakaa. Nikafungua mdomo, akaniinulia kidole. Nikasema hivyo hivyo, yote, kuanzia kikopo mpaka chooni.

Hakuanza kuhesabu upya. Alivuta kalamu. "Kijiko cha chai au cha mezani?"

"Cha chai. Kimejaa."

"Tangu tarehe ngapi? Umeacha lini?"

Nikamjibu. Aliandika bila kuniangalia, na nilitamani anitukane.

"Asimeze dawa nyingine mpaka nimwone. Mlete sasa hivi. Nimpime amekaa, nimpime amesimama, halafu nizungumze na daktari."

"Wewe utamweleza?"

"Dawa nitamweleza mimi. Chumvi utamweleza wewe. Nilimtilia shaka mbele yako, mzee, nawe ukanyamaza."

Nilimkuta kwenye kiti chake, mteja anakunja gauni. Nilingoja mteja atoke, nikasema nimesimama. Sikutaja uzee wala kambi. Mguu wake ulikuwa juu ya pedali ya cherehani, haukusogea.

"Kwa hiyo ulimi wangu haukuzoea," akasema.

"Haukuzoea."

Nilidhani ataniambia nifunge begi. Alichukua daftari, akalifungua mbele yangu, akaweka kalamu juu yake.

"Anza siku uliyoanza. Kila palipoandikwa bila, kata. Usiniachie uongo kwenye daftari langu."

"Mwandiko wangu..."

"Sijakuambia uandike. Nimesema ukate."

Nikakata. Bila ya Jumatatu, bila ya Jumanne. Mistari ikaenda upogo juu ya herufi zake zilizonyooka. Nilikata arobaini na mbili. Kwenye ukurasa wa ile jioni aliyotabasamu alikuwa ameandika: Maharage, bila chumvi. Matamu leo. Nikakata bila. Nikasogeza kalamu kwenye neno la pili.

"Hilo liache," akasema. "Yalikuwa matamu."

Akavaa viatu. Akakaa ukingoni mwa kiti, akahesabu kimoyomoyo midomo ikicheza, ndipo akainuka. Nilimnyoshea mkono. Akanipa daftari nilibebe, akatangulia mlangoni, ameshika ukuta.